Majina ya ngombe bila sauti ya Papa

Alhamisi, Kirotshe, kando ya ziwa Kivu. Mvua ilinyesha asubuhi yote, sasa imeacha, lakini wingu bado limefunga na njia yote ni matope. Watu wako wanapita viatu mukononi. Mimi sijatoka nje ila mara moja, na haikuwa kwa kutembea.

Sina hamu ya kuandika. Naandika kwa sababu kama sitalisema hili jambo mahali fulani, litanitoka mbele ya Mama, na mbele ya Mama sitaki.

Sauti ya Papa imepotea mara ya pili.

Wacha nianze vizuri, maana wengi munaosoma hii blogu munanijua kwa mambo ya Linux tu. Munanitania "Pasta wa sauvegarde" kwa vile kila mara nahubiri kwamba muntu atunze nakala ya vitu vyake. Haya, chekeni leo. Pasta amepoteza Biblia.

Kesho kutwa, Jumamosi, njo siku ya dot, mahari, ya mudogo wangu Neema. Wakwe wanatoka Shasha. Ni watu wa samaki na biashara, kukamua hawajui, wangeweza kuleta pesa ndani ya bahasha na hakuna muntu angewalaumu, hasa kwa hizi siku. Lakini wamepanda hadi juu huko milimani, wamenunua ngombe mutamba moja ya rangi ya kahawia, kwa heshima ya Papa. Nilipoisikia hiyo niliwapenda wakwe hawa bila hata kuwajua vizuri.

Kwetu Burungu, ngombe ya dot haiingii mu rugo, uwanja wa nyumba, kimya. Papa wa binti anasimama mbele yake na fimbo, hapo katikati ya uwanja, anaisifu, kiisha anaitajia ngombe za nyumba ile: huyu amezaliwa na huyu, huyu alitoka kwa babu, huyu tulipewa na rafiki mwaka ule wa njaa. Ngombe inajulishwa imefika kwa nani. Papa alikuwa anasema, bila yale maneno ile ni nyama yenye kutembea tu. Na binti anayeolewa bila yale maneno, alikuwa anasema pia, anatoka nyumbani kama muntu aliyefukuzwa.

Papa alikuwa fundi wa ile kazi. Watu walikuwa wanakuja kumuchukua mpaka Kitchanga awasemee kwenye dot za binti zao. Sisi watoto tulikuwa tunaona haya kidogo, muzee anasemesha ngombe mbele ya watu waliovaa kravati. Ujinga wa utoto.

Sasa Papa hasemi. Ugonjwa ulimupiga upande wa kuume, mukono, muguu na mudomo. Anasikia yote, anaelewa yote, lakini kinywani kunatoka mungurumo tu, na huo mungurumo yeye mwenyewe anauonea haya, kwa hiyo ameamua kunyamaza kabisa. Na ngombe hatuna tena hata moja. Zilichukuliwa zote kabla hatujahama. Kilichobaki kwetu ni majina yao na masifu yao, na hayo yalikuwa kwangu.

Yalikuwa kwangu kwa sababu ya Kaka Janvier. Huyo njo mukubwa wetu, yuko Walikale, alioa huko kwa watu wa pori, na watoto wake wanajua kutega nyama ya pori kuliko kushika chuchu ya ngombe. Kabla Papa hajagonjwa, Janvier aliniomba nimurekodi Papa akisifu ngombe, nimutumie, watoto wasikie babu yao. Basi kila jioni kiisha kukamua, Papa anakaa kwenye kigogo, mimi nashika telefone karibu ya mudomo wake, anasema ngombe moja mpaka mwisho. Kiisha naingia ndani, naihamisha kwenye mashini yangu, kompyuta, na kutoka hapo namutumia Janvier kwa barua pepe. Kichwa cha barua nilikuwa naandika jina la ngombe, basi. Gaju. Bihogo. Sine. Barua yenyewe haina neno hata moja, sauti tu imefungwa ndani yake.

Telefone yangu ilikuwa na nafasi ndogo, kwa hiyo kila nikisha kutuma nafuta. Janvier naye alikuwa anasikilizisha watoto kwenye nyumba ya internet pale Walikale centre, kiisha anafuta, kwa sababu sanduku lake la barua lilikuwa linajaa haraka. Alikuwa anasema hakuna shida, si iko kwako?

Ilikuwa kwangu. Kwenye dossier, folda ya barua zilizotumwa, ndani ya kompyuta moja kubwa ya mezani, na si mahali pengine popote duniani. Barua zangu nilikuwa nimezipanga zishuke zote kwenye mashini na zisibaki kule juu kwenye internet, maana kwetu réseau, mutandao, inakuja kama mugeni na inaondoka bila kuaga. Nilitaka vitu vyangu vilale nyumbani.

Siku tuliyohama, milio ya bunduki ilikuwa imefika karibu. Kompyuta ya mezani haipandi pikipiki pamoja na muzee mugonjwa. Nilikuwa na disque moja ndogo ya kuchomeka, nikaamua barua njo zitangulie. Najua zinakojificha: kwenye Linux dossier yao inaanza na nukta, haionekani mpaka uombe ionekane, na watu wengi wanaisahau hapo hapo. Mimi sikuisahau. Nilifunga programu ya barua kwanza, kama inavyotakiwa, nikaanza kunakili, nikakimbia kutafuta motard, mwenye pikipiki, wa kubeba Papa.

Niliporudi, mashini ilikuwa imezimwa, waya zote zimechomolewa, na Mama amekaa kwenye kiti karibu ya mulango na disque ameifunga mu kitenge, ameikumbatia. Aliniambia, "Nimeichunga." Hakukuwa na wakati wa kuuliza mengine. Tukaondoka. Nyumba ile ilisafishwa na wezi nyuma yetu, kompyuta, vitanda, mpaka milango.

Tangu hapo hatukuwa na mashini. Disque ilikaa na Mama, ndani ya sanduku la nguo zake za kanisa, na mimi sikuwa na wasiwasi wowote. Papa alikuwa na namna yake ya kuniuliza: anagusa koo kwa mukono wa kushoto, kiisha anaangalia lile sanduku. Na mimi kila mara namujibu iko, Papa, iko yote. Neema alipanga harusi yake juu ya hilo neno langu. Wakwe walikubali juu ya hilo neno langu. Papa atakaa na fimbo yake mbele ya mutamba, ataweka mukono wake muzima kwenye paji la uso wa ile ngombe, na sauti yake mwenyewe itatoka kwenye mashini, ile ya zamani, ya wakati angali muzima. Neema ananiambia Papa amekuwa analala vizuri tangu alipoelezwa.

Leo profesa mumoja wa hapa jirani aliniazima kompyuta yake ya kubeba. Nilimushukuru mpaka akaanza kuona haya.

Kwa ruhusa yake nikaweka Linux, nikaweka programu ya barua, nikaifungua mara moja ili itengeneze dossier yake, nikaifunga. Nikachomeka disque. Ikafunguka. Nikanakili dossier yangu ya zamani mahali pa ile mupya, nikahakikisha ni mimi mwenyewe nina haki ya kuisoma, nikafungua programu tena. 

Zilikuja. Orodha yote ilishuka mbele ya macho yangu. Gaju, kwa Kaka Janvier. Bihogo, kwa Kaka Janvier. Sine, kwa Kaka Janvier. Na tarehe zao, zile jioni za Burungu, zimepangana vizuri kabisa. Nilipiga kelele, Neema akakuja anakimbia na unga mikononi, tukashikana hapo tukacheka kama wajinga. Akarudi jikoni anaimba.

Kiisha nikabonyeza Gaju.

Ukurasa mweupe. Nikabonyeza Bihogo, ukurasa mweupe. Nikabonyeza zote moja moja, pole pole, kama muntu anayegonga mulango na kusubiri adabu ya wenye nyumba. Hakuna barua, hakuna sauti, kuna jina tu.

Kwa wasiojua, nieleze. Hii programu inaweka vitu viwili. Kuna faili kubwa, njo inabeba barua zenyewe na vyote vilivyofungwa ndani yao. Kuna nyingine ndogo pembeni, inabeba majina tu: barua ya nani, ya lini, kichwa chake nini. Niliangalia uzito wao. Ile ndogo ni nzima. Ile kubwa ni sifuri. Jina lake liko pale, na ndani yake hakuna kitu.

Nilijaribu yale yote ninayowafundishaka wengine. Nilipitisha programu ya kuokoa kwenye disque nzima, ichimbue hata vilivyofutwa. Ilichukua sehemu kubwa ya siku, na courant, umeme wa hapa, ilikatika katikati, nikaanza upya. Iliniletea picha za ubatizo wa mutoto wa jirani, mitihani ya zamani, bei za maziwa za shirika letu la Burungu. Sauti hata moja haikuleta.

Nikamupigia Janvier. Ilibidi apande kilima kutafuta réseau, nilikuwa namusikia anahema. Nilimuomba aangalie tena sanduku lake, aulize watoto, labda kuna telefone ya muntu fulani.  Kiisha akasema, "Mudogo wangu, mimi nilifuta yote. Nilijua iko kwako." Mutoto wake mukubwa anakumbuka mwanzo wa Gaju, maneno machache, kiisha anachanganya na luga ya mama yake. Tulimaliza hapo.

Na mimi je? Nilikuwa pale kila jioni. Nimeshika telefone, naangalia kama batri itafika mwisho wa sifa. Nilikuwa nafikiri nikisharekodi, ninajua. Leo nilijaribu kusema ya Sine peke yangu, chini ya pumzi. Sikufika popote.

Sasa, ile disque ilinionyesha neno moja nilipoichomeka, neno ambalo nililipita kwa furaha: kwamba mara ya mwisho haikutolewa vizuri. Nililikumbuka mchana. Nikaenda kwa Mama. Alikuwa anachambua maharage ya Jumamosi, ana raha, kanga mupya kichwani. Nikamuuliza kwa ujanja, kama muntu anayetaka hadithi tu, ile siku ilikuwaje mimi nilipoenda kutafuta pikipiki.

Alifurahi kuulizwa. Akanielezea hivi:

"Radi ilianza kupiga. Unajua radi ya kwetu vile iko. Nikachomoa bintu yote, taa, telefone, nikafunika kioo. Lakini ile kadogo nilikangoja kwanza, hata nilikuwa naogopa. Naangalia mustari inajaa, inajaa, mpaka ikafika mwisho. Nikasema basi, imeshiba. Nikaichomoa mbiyo, nikaifunga mu kitenge. Radi haikuipata, Bahati. Haikuipata hata kidogo."

Imeshiba. Kama ndama. Mama amekamua maisha yake yote, anajua wakati wa kuondoa ndama kwenye chuchu, usimuondoe mapema, usimucheleweshe. Aliiangalia disque yangu kwa jicho lile lile.

Na kuhusu radi, asije muntu wa muji mukubwa kumucheka. Kwetu Masisi radi inaua. Jirani yetu ilimupigia ngombe nne zimesimama chini ya muti mumoja. Kwetu ngurumo ikianza, mama wa nyumba anazunguka: kila chenye waya kinachomolewa, kila chenye kuangaza kinafunikwa, hakuna anayeshika chuma. Hata mimi nimekua hivyo. Angeiacha imechomekwa, ningemugombeza.

Shida ni kwamba Linux inajaza ule mustari, wa kuonyesha kunakili kumefika wapi, mbele ya kazi kuisha. Inakuonyesha mwisho, lakini vingine bado imevishika kichwani, inavishusha kwenye disque pole pole kwa wakati wake. Njo maana tunasema usichomoe, uombe kwanza ruhusa ya kutoa, ungoje. Vile vidogo vilikuwa vimeshavuka. Kile kikubwa, chenye Papa ndani yake, kilikuwa bado kinangoja zamu. Kama ile radi ingechelewa muda wa maziwa kupanda kwenye chungu tu, leo tungekuwa tunamusikia.

Mama aliinua uso akaniuliza, "Ulitaka kujua nini?"

Nikamwambia, "Hakuna, Mama. Aksanti. Uliichunga vizuri."

Hapo njo nilitoka nje. Nyuma ya nyumba, kwenye matope. Nililia, sina namna nyingine ya kulisema. Nililia kama sijalia hata siku ngombe zilipochukuliwa, maana siku ile kulikuwa na watu wa kuchukia.

Wahenga walisema ngombe haelemewi na nundu yake. Wahenga wasinisumbue leo.

Niliporudi ndani, Papa alikuwa kwenye kiti chake. Neema alikuwa amemuosha, amemunyoa ndevu, anamujaribisha koti lake kama liko bado linamukaa. Linamupwaya. Neema alipotoka, Papa aliniangalia, akagusa koo.

Nilikuwa nimeandaa neno: bado kidogo, Papa, mashini iko inafanya kazi.  Nikachukua kompyuta, nikakaa chini karibu ya magoti yake, na badala ya kueleza nikaanza kumusomea. Gaju, nikasema. Akainua kichwa. Akafunga macho, akangoja. Alikuwa anangoja sauti yake ianze. Bihogo, nikasema, na akangoja tena. Niliposema Sine alifungua macho akaangalia kompyuta, kiisha mimi.

Nikamwambia yote. Karibu ya sikio, kwa sauti ya chini. Ile faili, sifuri yake, Janvier kule kilimani, mustari, radi, kitenge. Nimwambie nani mwingine? Na nikiri wazo baya lililokuwa nami wakati nasema: kwamba huyu ni salama kumwambia, maana hawezi kumwambia muntu mwingine.

 Machozi yalimutoka upande mumoja tu wa uso, ule mwingine hausikii. Kiisha akajaribu. Naapa alijaribu. Akafungua mudomo, kifua kikapanda, ukatoka ule mungurumo, ukapanda kidogo kama vile anavyoanzaka Gaju, ukavunjika. Akajaribu tena. Akaacha.

Mukono wake wa kushoto ukainuka. Nilifikiri unaenda kwenye koo kama kawaida. Ulipita koo ukaenda kwenye mudomo. Aliweka kidole pale, hakikukaa katikati, kilikaa kwenye upande ulioanguka, na kwa macho akanionyesha uwanja, ambako Mama alikuwa anamucheka Neema kwa jambo fulani la maharage. Alikiacha kidole pale mpaka nilipokubali kwa kichwa. Kiisha akageuka, akaangalia ukuta, na hajaniangalia tena tangu hapo.

Kwaya ya parokia imetuazima bafle kubwa, ya kutolea sauti, kwa ajili ya Jumamosi, imesimama hapa mulangoni. Kesho asubuhi nitairudisha, nitatunga sababu njiani.

Jumamosi ile mutamba itaingia kwetu kimya, na Neema atatoka. Mama atauliza sauti ya Papa iko wapi. Nitamwambia unyevu wa hili ziwa umeila disque, na ataamini, atalichukia ziwa la Kivu mpaka siku ya kufa kwake.

Heri achukie ziwa.